Odera Alisema Vizuri Siku Ile

Odera alijaliwa ulimi. Kule Katwe alikopanga nyumba, hapakuwa na asiyelijua hilo. Pakitokea msiba wa Mkenya, yeye ndiye aliyesimama kuwashukuru waombolezaji. Pakiwa na posa, yeye ndiye aliyetangulizwa awe msemaji wa upande wa mume. Alikuwa Msamia wa Busia, upande wa Kenya, na alivuka mpaka mwaka 1988, miaka miwili baada ya vita, wakati viwanda vya Kampala vilipoanza kufungua tena milango na mafundi walikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Akapata kazi ya kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji jirani na Nakivubo. Siku hizo herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi, kila herufi na kisanduku chake, na vidole vya Odera viliziokota upesi kama kuku anayedonoa mtama. Shule aliiacha darasa la saba kwa kukosa karo, lakini Kiingereza chake kilikuwa safi. Alikiokota humohumo kazini, neno baada ya neno.

Mkewe, Nerima, alimfuata mwaka uliofuata pamoja na binti yao, Nabangala, naye Nerima akapata kibanda cha kuuzia vitenge sokoni. Mtoto alikuwa ameanza kusema. Alikuwa akiamka asubuhi na kuwaita kuku wa mwenye nyumba kwa majina aliyoyatunga mwenyewe. Alipofika miaka mitatu akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Walikaa hospitalini majuma matatu, na siku waliyoruhusiwa kurudi nyumbani Odera alichinja jogoo. Ni Nerima aliyegundua. Mfuniko wa sufuria ulimponyoka ukaanguka sakafuni nyuma ya mtoto, majirani wakashtuka, Nabangala hakugeuka.

Katwe ni mahali pa nyundo. Kuanzia asubuhi mafundi wa vyuma hugonga masufuria, majiko na mageti, hata mgeni hulazimika kupiga kelele ili asikike. Nabangala akakulia katikati ya mngurumo huo kama mtu aliyeketi ndani ya kisima. Yale maneno machache aliyokuwa nayo yakamwisha moja moja, na alipotimiza miaka mitano hakuna lililobaki.

Alipofika miaka saba walimpeleka katika shule moja ya msingi iliyokuwa na darasa la viziwi. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Maimunah, Mnubi wa Bombo, mwanamke mwembamba asiyejua kukaa kitako. Alikuwa na watoto ishirini na mmoja wa kila umri, na wote aliwafundisha lugha ya ishara. Nabangala akapata rafiki wa kufa na kuzikana, Amito, binti wa Acayo, ambaye mumewe alikuwa konstebo wa polisi kutoka Kitgum, kaskazini. Wasichana hao wawili waliketi benchi moja. Nerima alikuwa akisema kwamba ukiitazama mikono yao wakati wa kurudi nyumbani, ungedhani ndege wamefunguliwa kwenye tundu.

Odera hakuipenda mikono hiyo. Wageni walipofika nyumbani alimpiga binti yake jicho, naye mtoto akaikunja mapajani.

"Watu wasije wakasema nyumba ya Odera ina mwendawazimu," alimwambia mkewe.

"Hana neno lingine la kusema nalo, Baba Nabangala."

"Atajifunza kuandika. Mtu anayeandika hahitaji mdomo."

Na kweli, Nabangala aliandika. Mwandiko wake ulikuwa wa ajabu. Ulikuwa wa mviringo, umenyooka, kila herufi imekaa kwenye mstari kama askari kwenye gwaride. Odera, mtu wa herufi, aliyachukua madaftari yake akaenda kuwaonyesha wenzake kazini.

Basi Jumamosi moja ya mwaka 1999, Nabangala akiwa na miaka kumi na miwili, Mwalimu Maimunah aliwaita wazazi wote darasani. Aliwaeleza kwamba shirika moja lilikuwa tayari kuleta vyerehani, vifaa vya useremala na vya kushona viatu. Watoto waliotimiza miaka kumi na miwili wangejifunza ufundi nusu ya siku, na nusu nyingine wangeendelea na kusoma na ishara. Lakini afisa wa elimu alitaka kwanza maoni ya wazazi yaandikwe.

Maoni yakaja ya kila namna. Baba mmoja aliogopa msumeno utamkata mwanawe vidole, na bila vidole atasema na nini. Mama mmoja alisema binti yake hana haja ya ufundi, anamsaidia kulea wadogo zake na hilo linatosha. Mzee mwingine aliuliza, tena bila ubaya, ni nani duniani atakayempa kiziwi kazi. Wachache walipenda. Acayo alikuwa mmoja wao. Alisimama na kitambaa chake kichwani, akasema kwa Kiswahili cha kambi ya polisi:

"Mimi naona ni mzuri. Amito anapenda sindano. Nguo ya baba yake, ni yeye anashona."

Akaketi. Ndipo Odera aliposimama. Alikuwa amevaa koti.

"Ndugu zangu," alianza, "nawauliza swali moja. Mtoto anayesikia hupelekwa ufundi lini? Akishindwa masomo. Anafanya mtihani, anaanguka, ndipo baba yake anasema, haya, kashike nyundo. Sasa hawa wetu wameanguka mtihani gani? Nani amewafanyisha? Wanahukumiwa kabla ya kesi!"

Watu walitikisa vichwa kukubali. Odera akapandisha sauti.

"Mimi nilitolewa shule kwa umaskini nikatiwa kwenye kazi ya mikono. Sijivunii. Sitaki mwanangu aanzie pale mimi nilipokwama. Mkikubali vyerehani leo, kesho hakuna atakayewafundisha hesabu. Watasema, wa nini, si wana sindano? Mtoto wangu atakuwa karani. Ataketi kwenye kiti, mezani pana karatasi. Na wa kwenu pia."

Makofi yakalia. Mwalimu Maimunah alingoja yatulie.

"Umesema vizuri, Baba Nabangala," akamwambia. "Lakini Nabangala mwenyewe umemwuliza anachotaka?"

"Nimwulize?" Odera aligeuka akawatazama wazazi, mikono ameitandaza. "Nimwulize kwa lugha gani, Mwalimu?"

Darasa zima likacheka. Odera naye akacheka.

Walipopiga kura kwa kunyoosha mikono, kumi na wanane walikataa. Mkono wa mwisho kuinuka kati ya hiyo ya kukataa ulikuwa wa Acayo. Vyerehani vilipelekwa wilaya nyingine. Wazazi walitoka pale wakimpa Odera mkono kama mtu aliyeshinda kesi, na mwezi uliofuata, kwa kuwa alishasema maneno makubwa na ilimpasa kuyatimiza, alimtoa Nabangala katika darasa la Maimunah akampeleka shule ya kulipia, pamoja na watoto wanaosikia. Siku ya kwanza Nabangala alikataa kuvaa sare mpya. Alishika mlango, akaonyesha upande wa shule ya zamani kwa kidole, akaonyesha tena. Odera alimbandua vidole mlangoni kimoja kimoja.

Alikaa katika shule hiyo miaka sita. Benchi la nyuma, karibu na dirisha. Walimu walimpenda kwa kuwa hakusumbua. Walichoandika ubaoni alikiandika, tena vizuri kuliko wao. Mwisho wa kila muhula ripoti yake ilisema: mtulivu, nadhifu, mwandiko bora. Darasa la saba alilirudia mara mbili, na mara zote matokeo ya mtihani yalitoka hana daraja. Odera aliwalaumu wasahihishaji. Alimlaumu mwalimu mkuu. Nerima alipojaribu kusema kwamba mtoto amekonda, kwamba hasemi tena na mtu hata kwa mikono, alimjibu kuwa elimu haijapata kumnenepesha mtu.

Mwaka 2005 kiwanda kilikuwa tayari na kompyuta. Herufi za risasi ziliuzwa kama chuma chakavu, na Odera akabakishwa kwa huruma, akikata na kufunga karatasi. Nabangala alikuwa na miaka kumi na minane, anakaa nyumbani. Ndipo ikaja kazi ya vyeti. Chuo kimoja cha wakunga kilitaka majina ya wahitimu yaandikwe kwa mkono, kwa kalamu ya wino, kama zamani. Odera alimwendea bosi wake, Mganda mpole aliyerithi kiwanda kwa babake, akamwonyesha daftari la binti yake. Bosi alilitazama ukurasa baada ya ukurasa.

"Huyu ni malaika," alisema. "Mlete."

Nabangala aliletwa. Aliketi kwenye kiti, mezani pana karatasi. Odera alimwekea orodha ya majina upande wa kushoto, vyeti upande wa kulia, akamwonyesha kwa kidole: hili hapa, hili hapa. Binti akaelewa. Aliandika siku mbili, bila doa hata moja. Siku ya pili jioni Odera alimnunulia soda na kumshika bega mbele ya watu wote. Nabangala alimtazama usoni, akatabasamu. Zilikuwa siku chache mno alizopata kuiona furaha ya baba yake ikimwelekea yeye.

Vyeti vilichukuliwa. Siku tatu baadaye bosi alimwita Odera ofisini, mlango ukafungwa. Mezani palikuwa na cheti kimoja.

"Odera, mtoto ako ameandika nini kwa kalatasi ya watu?"

Odera alikitwaa. Katika ile orodha, kando ya jina la mwanafunzi mmoja, kuna mtu wa chuo aliyekuwa ameandika kwa kalamu: *huyu ameaga dunia, asiandikiwe*. Nabangala hakulinakili jina peke yake. Alikuwa ameyanakili yote. Juu ya mstari wa dhahabu, kwa mwandiko usio na kifani, chini ya maneno yanayothibitisha kwamba mwenye cheti amefuzu, palisomeka jina la msichana yule na kwamba ameaga dunia, asiandikiwe. Na chuo hakikusoma kimoja kimoja. Kwa kuwa cheti kilikuwemo, jina liliitwa, kikakabidhiwa kwa mama wa marehemu, aliyealikwa kwenye mahafali kwa heshima.

Odera alikirudisha mezani. Bosi hakumfokea, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Aliporudi nyumbani aliyashusha madaftari yote kutoka juu ya kabati. Akamketisha binti yake. Akaandika kwenye karatasi: *kikombe*. Akamwonyesha kwamba akilete. Kikombe kilikuwa pale pale mezani, mbele yao. Nabangala alilitazama lile neno, akamtazama baba, akachukua kalamu, na chini yake akaandika *kikombe*, vizuri kuliko yeye. Odera akaandika *mama*. Nabangala akaandika *mama*. Akaandika *Nabangala*. Hilo binti alilijua, akajigusa kifua. Akaandika kwa Kiingereza, akaandika maneno ya darasa la kwanza. Kila mara kalamu ilishuka ikachora, na uso wa msichana ukainuka kungoja sifa.

Nerima alikuwa amesimama mlangoni na kapu lake la sokoni.

"Ulijua?" Odera alimwuliza.

"Nilikuambia mara ngapi? Uliniambia mwanamke wa vitenge hajui shule."

Ilimchukua Odera majuma mawili kumtafuta Mwalimu Maimunah. Darasa lile la viziwi lilikuwa limefungwa zamani. Wakubwa walikosa cha kuwaweka pale, wakaondoka mmoja mmoja, na wadogo wakawafuata. Maimunah sasa alikuwa Kabalagala, nyuma ya baa na maduka ya nyama choma, kwenye banda la mabati alilolikodi pamoja na wenzake wawili. Vijana viziwi kumi na watano walikuwa mle, wakikata turubai na kushona mabegi. Odera alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Alipofika yakamkauka.

"Mwalimu, nimemleta," ndilo alilosema.

Maimunah alimtazama Nabangala, akamsemesha kwa mikono. Msichana alisimama kama gogo. Kisha mkono wake mmoja ukainuka kidogo, ukasita, kama mtu anayejaribu kukumbuka njia ya nyumba aliyohama utotoni.

"Nitampokea," alisema Maimunah. "Lakini nisikudanganye, Baba Nabangala. Cherehani atakijua kwa miezi mitatu. Lugha ndiyo shida. Lugha ina msimu wake kama mbegu. Alikuwa ameanza kuota, ukamng'oa. Sasa tutapanda kiangazi."

Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama daktari.

Akaongeza kuwa Jumamosi kulikuwa na mafunzo ya ishara kwa wazazi. Nerima alifunga kibanda chake kila Jumamosi akaenda. Odera naye alikwenda, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vidole vilivyookota herufi miaka kumi na saba sasa vilikuwa vigumu kama vijiti, na yeye aliyezoea kuwaongoza watu kwa maneno hakuweza kustahimili kuwa mjinga wa darasa, akichekwa na akina mama. Mara ya nne alisema ana kazi. Baada ya hapo hakuulizwa tena.

Cherehani, kama alivyosema mwalimu, hakikumsumbua Nabangala. Lugha ilirudi polepole, yenye mapengo, lakini ilirudi. Nyumbani yeye na mama yake wakaanza kusemezana wakati wa kupika, tena wakicheka, na Odera alikaa kwenye kochi lake akiwatazama. Sasa yeye ndiye aliyekuwa ndani ya kisima.

Baada ya mwaka mmoja hivi, Mwalimu Maimunah alimwita Odera Kabalagala. Odera alimkuta binti yake ameketi, amevaa aproni, macho makavu.

"Ana maswali mawili," alisema Maimunah. "Amengoja mpaka aweze kuyauliza sawasawa. La kwanza: kwa nini ulimtoa kule?"

Odera alivuta pumzi. Kulikuwa na majibu. Hukumu kabla ya kesi, kiti na meza, umaskini wake mwenyewe. Aliyatafuta, akaona hakuna hata moja linaloweza kusimama mbele ya uso ule.

"Mwambie nilikosea."

"Mwambie mwenyewe." Maimunah akamwonyesha ishara yake. Odera aliirudia, vibaya. Nabangala alimtazama mpaka alipomaliza. Akauliza la pili.

"Anataka kujua Amito yuko wapi."

Odera hakujua. Tangu siku ile ya mkutano hakuwahi kuulizia. Jumapili iliyofuata alikwenda kwenye kambi ya polisi, akaelekezwa mpaka kwenye mlango wa Acayo. Mumewe alikuwa amestaafu, mwanawe mwingine sasa ndiye polisi. Acayo alikuwa amezeeka, lakini alimtambua mara moja.

"Karibu, mzee. Wewe ni ule mtu wa mkutano."

Alimpa kiti na chai. Odera alimwambia amekuja kwa ajili ya binti yake, anamtafuta rafiki yake.

Acayo aliweka birika chini.

"Amito hakuna," alisema. "Shule ilifunga. Akakaa hapa mwaka moja, hana kazi, maaskari vijana wanamsumbua. Nikaona nimpeleke kwa nyanya yake Kitgum, angalau alime. Sasa huko waasi walizidi, watu wote wakatiwa ndani ya kambi ya wakimbizi. Mwaka elfu mbili na tatu waasi wakaingia mchana. Bunduki ililia, watu wote walikimbia. Yeye alikuwa kwa bomba, ameinama, anaangalia maji kwa jerikeni. Nyanya yake aliita. Aliita, aliita. Unaita mtu hasikii."

Nje watoto wa kambi walikuwa wakicheza mpira. Odera aliinamia kikombe chake.

"Mama," alisema hatimaye, "siku ile ungekubali vile vyerehani..."

"Ningekubali. Mkono yangu ilikuwa chini, mwisho ndiyo nikainua. Wewe ulisema vizuri sana siku ile, mzee. Nikasema, huyu mtu amesoma, anajua. Hata nyumbani nilimwambia mzee wangu maneno yako yote." Alimtazama bila chuki, kwa uchovu tu. "Si wewe ulimpeleka Kitgum. Ni mimi. Kunywa chai, itapoa."

Odera aliinywa. Alipotoka hakwenda nyumbani. Alipitia Kabalagala kwa Maimunah, akamwomba amfundishe namna ya kusema kwamba mtu amekufa. Mwalimu alielewa kabla hajamaliza. Akaketi karibu naye, akamwonyesha. Odera aliirudia mpaka ikakaa, halafu akajifunza na ya kusema bunduki, na ya kusema maji.

Nyumbani Nabangala alikuwa uani akianika nguo, mama yake akichambua mchele. Odera alisimama mbele ya binti yake akamwambia. Alilitamka jina la Amito kwa ishara ambayo wasichana wale walipeana utotoni, aliyofundishwa na Maimunah, na baada ya hapo yale mengine. Ilikuwa ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Nabangala hakulia mara moja. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha mikono yake ikaanza kusema, taratibu, na halafu haraka, na ikaendelea kwa muda mrefu. Nerima aliuacha mchele. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Anasema nini?" Odera aliuliza. "Mama Nabangala, anasema nini?"

Nerima hakugeuka.

"Hasemi na wewe," alimjibu. "Anasema na Amito."

Odera alibaki amesimama pale uani, akiyatazama yale maneno mpaka yalipokwisha, na hakupata kuambiwa hata moja.